Mguu wa Nyuma wa Baiskeli ya Mama

Karibu na ofisi yetu kuna fundi baiskeli aliyefungua kibanda, na kila akipaka solusheni kwenye mpira wa ndani, harufu yake inapita dirishani na kunikuta mezani. Wenzangu hufunga dirisha. Mimi huacha kazi. Ni harufu kali, yenye utamu kwa mbali, na ikishanifikia siwezi tena kusoma kilicho mbele yangu, kwa sababu niko Moshono, uani kwetu, nimechuchumaa kwenye vumbi lenye matone ya grisi, na mama yangu ameketi kwenye kigoda, mguu wake umenyooshwa mbele, umefungwa hogo la plasta, mweupe na mnene kuliko mguu wa mtu yeyote niliyemjua.

Nyinyi mliokua wakati mmoja na mimi mtakumbuka kwamba mwanamke juu ya baiskeli lilikuwa jambo la kugeuza shingo. Wasichana wa shule waliendesha, ndiyo, na wazungu wa kujitolea waliokuja na kofia zao ngumu. Lakini mama wa watu, mwenye suruali ya mtumba na kitenge juu yake, akiwa na madumu ya maziwa pande zote mbili za keria, hapana. Mama yangu ndiye alikuwa huyo. Asubuhi, Mlima Meru ukiwa bado umejifunika ukungu hadi mabegani, alipita nyumba hadi nyumba huku kwetu juu akikusanya maziwa ya majirani, kisha akateremka nayo hadi Njiro, kwenye nyumba zenye mageti, ambako watu walimsubiri na sufuria zao. Vijana wa kijiweni walimpigia miluzi. Yeye alipiga kengele kuwajibu, kama vile wamemsalimia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, ndefu, ya chuma kizito, na ilikuwa ya babu yangu mzaa mama, ambaye aliitumia kubebea kahawa maisha yake yote. Babu alipofariki wajomba zangu waliuliza habari za shamba, wakauliza habari za ng'ombe, baiskeli hakuna aliyeiulizia. Mama aliitoa stoo, akaifuta vumbi kwa khanga yake mwenyewe, akaipanda mbele yao wote na kuja nayo nyumbani. Sikuwepo siku hiyo, nilikuwa sijazaliwa, lakini nimesimuliwa mara nyingi hata naona kama nilikuwa nimekaa kwenye keria.

Siku ya ajali kulikuwa na manyunyu. Ni yale manyunyu ya kwetu ambayo hayalowanishi nguo, yanalowanisha barabara tu na kuifanya iteleze kama imepakwa sabuni. Mama alikuwa akiteremka na mzigo kamili. Pikipiki moja ikachomoka kwenye njia ya pembeni bila kuangalia, naye akaikwepa, akaingia mtaroni, kwenye mawe. Nilikuwa shuleni. Niliporudi sikumkuta mama wala baba, nikakuta baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Jirani alikuwa ameibeba begani tangu kule chini. Gurudumu la nyuma lilikuwa limejikunja kama namba nane, spoku nyingine zimechomoka na kutazama juu, na kwenye mnyororo maziwa yalikuwa yamekauka pamoja na grisi. Harufu ya maziwa yaliyochachia kwenye chuma sijawahi kuikuta tena mahali popote, na sitamani.

Baba alirudi jioni peke yake. Baba yangu alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na siku ile yalipungua zaidi. Aliniambia mama amevunjika mguu, madaktari wanamshughulikia, nile ugali, nisali, nilale. Nilifanya yote isipokuwa kulala.

Kesho yake nikawa natoka bombani na ndoo kichwani. Nilipofika nyuma ya jiko letu la mabanzi nikasikia baba anazungumza na Fundi Zakayo. Huyu Fundi Zakayo alikuwa na kibanda chini ya barabara yetu, mtu mrefu, mwenye sauti nzito kama inayotokea ndani ya pipa, na aliheshimika sana kwa sababu alitengeneza kila kitu: baiskeli, redio, bawaba za milango, hata kitasa cha kanisani.

"Mguu huu umekwisha, Baba Aika," alikuwa anasema. Aika ni mimi. "Tazama ulivyopinda."

"Hauwezi kunyooshwa?"

"Kunyoosha naweza. Lakini mguu ukishapinda namna hii, ukiunyoosha hauna nguvu tena ya kubeba mzigo. Leo utasimama vizuri, kesho unamwangusha mama wa watu. Ushauri wangu, tuutoe wote, tutie mwingine."

Baba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mwingine unapatikana?"

"Mjini ipo mingi tu. Mizuri, myepesi, inang'aa."

Maji yalinimwagikia mgongoni nikawa siyasikii. Mafundi wa kwetu gurudumu huliita mguu. Mguu wa mbele, mguu wa nyuma. Hilo nalijua leo. Siku ile nilijua neno moja tu la mguu, na mtu mmoja tu aliyevunjika. Wala sikushangaa kwamba fundi baiskeli ndiye anayeulizwa habari za mguu wa mama. Fundi kwangu alikuwa fundi. Tena kanisani kwetu kulikuwa na mzee mwenye mguu wa bandia, wenye rangi ya chai ya maziwa, na kila alipokaa au kusimama ulitoa mlio kama wa kabati linalofunguliwa. Nilimwona mama akiingia kanisani na mguu ule. Nilimwona akijaribu kupanda baiskeli nao. Nikaweka ndoo chini, nikakaa kando yake, nikalia bila sauti, nikiwa nimeuma kola ya sare yangu.

Baba aliponipeleka hospitalini nilikuwa nimeshapanga la kusema. Wodi ilikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na uji. Mama alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umeinuliwa juu ya mito, uso umevimba upande mmoja, lakini aliponiona akatabasamu kwa ule upande mzima. Nilisubiri baba aende kuzungumza na nesi. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, wakitaka kuutoa mguu, kataa."

Akageuza kichwa kunitazama. "Nani anataka kuutoa?"

"Baba na Fundi Zakayo. Nimewasikia. Fundi anasema umekwisha, hata ukinyooshwa hautabeba mzigo. Wanataka kukutilia mwingine unaong'aa."

Sijasahau jinsi uso wake ulivyobadilika. Nilidhani ataogopa. Hakuogopa, alikasirika, na hasira ile ilimrudishia rangi mwilini.

"Kumbe wameanza kuamua bila mimi," alisema. Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Sikiliza, Aika. Mguu ule ni wangu. Naujua mimi, si wao. Hautolewi. Utanyooshwa, na utanibeba kama ulivyonibeba siku zote. Umesikia?"

"Na ule unaong'aa?"

"Unaong'aa wamtilie mtu mwingine."

Nilitoka hospitalini nikiwa mtu mwingine kabisa. Baba aliniuliza mbona nacheka peke yangu njiani, nikamwambia hakuna kitu. Nilikuwa nimeokoa mguu wa mama yangu. Nilitembea nikitupa mikono kama askari wa gwaride.

Mama aliletwa nyumbani na hogo lake, akiwa na magongo ya mbao ambayo baba alimchongea mwenyewe na kuyapiga msasa hadi yakawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Majirani walikuja na ndizi, na mayai, na ushauri. Ushauri wao ulikuwa wa aina moja: sasa pumzika, Mama Aika, maziwa watapeleka vijana wa pikipiki, umri wa kupanda baiskeli umepita, Mungu amekuonya mapema. Mama aliwaambia ahsanteni sana, karibuni chai. Tayari kijana mmoja alikuwa ameanza kuyakusanya maziwa yale na kuyapeleka Njiro, na kila asubuhi pikipiki yake ilipopita nje mama aliacha anachofanya na kusikiliza mpaka sauti iishe.

Halafu siku moja, mchana, nikiwa nimekaa mlangoni nachagua mchele, Fundi Zakayo akaingia uani. Mkono mmoja alikuwa na nyundo kubwa, mwingine koleo na kipande cha gogo.

"Hodi hapa! Aika, mama yupo? Ameniita nije ninyooshe ule mguu."

Sikumwamkia. Nilikuwa mtoto wa shikamoo, hata kondoo ningeliwaamkia kama wangekuwa na mvi, lakini siku ile sikumwamkia. Niliinuka na mwiko wa ugali uliokuwa karibu, nikajipanga katikati ya mlango, mikono na miguu nimeitanua nikaziba pande zote.

"Huingii!" nikamwambia. "Daktari ameshaunyoosha! Ukiugusa na hiyo nyundo nitakupiga!"

Fundi Zakayo alinitazama mimi. Akaitazama nyundo. Akatazama juu ya kichwa changu, ndani, ambako mguu wa mama ulikuwa umelala kwenye kigoda, mweupe. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi sauti ya pipa inavyocheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na nyundo yake. Baba akatoka kwenye karakana yake na msumeno mkononi kuona kuna nini.

Mama hakucheka. "Aika, njoo hapa." Nikaenda, bado nimeshika mwiko. Akagonga hogo kwa kidole. "Kule hospitalini ulikuwa unasema huu?"

"Ndiyo. Kwani wewe ulikuwa unasema upi?"

Akanyoosha mkono, akaonyesha kupitia mlangoni baiskeli iliyokuwa ukutani na gurudumu lake lililojikunja. Ndipo akaanza kucheka, akacheka huku ameushika mguu kwa mikono miwili kwa sababu ulimuuma akicheka, na baba naye akacheka, na mimi, sijui kama nilikuwa nalia au nacheka. Mama akanivuta, akanifuta uso kwa kitenge. "Basi sawa," akasema. "Tulikubaliana kuunyoosha. Itanyooshwa yote miwili."

Lakini haikuwa rahisi hivyo. Baba akaenda karakana, akarudi amebeba gurudumu jipya ambalo alishalinunua mjini na kulificha nyuma ya mbao. Lilikuwa zuri kweli. Liling'aa hata kuku walisogea pembeni. Akalilaza mbele ya mama polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyelala.

Mama alilichukua, akaliegemeza kwenye goti zima. Akazibana spoku zake mbilimbili kwa vidole, akilizungusha. "Zuri," akasema. "Ni la kwendea dukani kununua mkate."

"Mama Aika," akasema Fundi Zakayo, na sasa hakuwa na mzaha. "Ringi ikishapinda vile siwezi kuapa juu yake. Wewe unateremka na mzigo. Siku ikikataa mteremkoni, mimi nitasema nini mbele ya mtoto huyu?"

"Na hizi spoku nyembamba zikikataa mteremkoni utasema nini?"

Fundi akakuna kidevu.

"Lijaribiwe," mama akasema. "Lifungwe hilo jipya. Jazeni madumu maji, kamili, kama ninavyobeba mimi. Mtu ateremke hadi kule chini darajani na kupanda tena hadi hapa."

"Nani aendeshe?" baba akauliza.

Mama alimtazama tu.

Baba yangu alijua kuendesha baiskeli kama wanaume wote wanavyojua, yaani aliendesha akiwa kijana. Alikunja suruali, akapanda, akayumba na madumu yale hadi majirani wakatoka kuangalia. Nilimfuata mbio. Kuteremka alikwenda vizuri, amekaza meno, breki zinalia. Darajani akageuka, na ndipo kazi ikaanza. Mlima ule kwa miguu hauonekani mlima. Kwa baiskeli yenye mzigo ni ukuta. Nilimwona baba yangu, ambaye alibeba magogo begani, akisimama juu ya pedali na mishipa ya shingo ikimtoka, na gurudumu jipya likianza kulia, kwi, kwi, kwi, kila linapozunguka. Kijiweni vijana walimshangilia kwa kejeli. Sehemu ya juu alishuka akasukuma, na alipofika uani akakaa palepale. Akafungua dumu moja, akanywa maji yale aliyoyabeba, mengine yakamtiririka kifuani.

Fundi Zakayo aliinua baiskeli nyuma, akalizungusha gurudumu. Lilikuwa linagusa breki upande huu, kisha upande ule. "Limeanza kucheza," akasema. "Halijavunjika. Nikilikaza litakaa. Lakini kwa mzigo huu utakuwa mteja wangu kila mara."

Baba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama mama.

"Kila siku?" akamuuliza.

"Isipokuwa Jumapili."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ya ajali. "Mimi sikulitaka jipya wala la zamani, Mama Aika. Nilitaka baiskeli ife. Nilidhani ukikosa gurudumu la kuaminika utachoka mwenyewe, ukae nyumbani. Nilipokuta damu yako kwenye yale mawe..."

"Najua," mama akasema. "Lakini nikikaa nyumbani kwa kuogopa, Baba Aika, utaishi na mtu ambaye si mimi."

Kesho yake asubuhi baba alivaa shati safi akaenda Sombetini, kwa wale wanaouza vyuma vya baiskeli za zamani, kutafuta spoku nene za aina ya kale. Alirudi nazo jioni zimefungwa kwenye gazeti, kucha zake nyeusi kwa kuchambua. Hakusema alizunguka vibanda vingapi.

Fundi Zakayo alitoa sharti moja. Atainyoosha ringi, ila kwanza ikaguliwe, na ikikutwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, itatupwa na mama hatabisha. Mama akakubali. Kazi ya kukagua nikapewa mimi, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo na macho yangu mapya. Nikaisugua ringi kwa mchanga na majivu hadi kutu ikaisha na chuma kikatokea, cha kijivu, chenye ubaridi wa maji ya mtoni. Nikaipitishia kidole polepole, kuizunguka yote. Karibu na tundu la vali nikakuta mstari.

Hakuna aliyekuwa ananitazama. Mama alikuwa anachambua mboga, baba anaranda mbao. Ningeweza kupitisha kidole haraka na kusema hakuna kitu. Nilifikiria hivyo, sitadanganya. Lakini nikaona pia mteremko, na mawe ya mtaroni, na nikaita, sauti ikitoka nyembamba kama ya paka: "Fundi, kuna mstari."

Wote wakaja. Fundi Zakayo akapiga magoti. Akapaka mafuta ya taa kwenye mstari ule, akasubiri, akayafuta kwa kitambaa mpaka pakakauka, kisha akapaka chaki juu yake. Kama ni ufa, alisema, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuilowanisha chaki. Tukasubiri. Mama alikuwa amesimama na magongo yake. Chaki ikabaki nyeupe. Tukasubiri tena. Ikabaki nyeupe, kavu, kama unga. Fundi akachukua msasa, akasugua mara chache, na mstari ukatoweka.

"Mkwaruzo," akasema. "Chuma cha watu hawa wa zamani! Haya, leteni gogo."

Nyundo ililia uani kwetu mchana mzima. Ringi ililazwa kwenye gogo, ikapigwa, ikatazamwa, ikageuzwa, ikapigwa. Kisha zikaja spoku za Sombetini, moja baada ya nyingine, na kazi ya kuzikaza, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilishika chaki karibu na ringi inapozunguka. Palipotoka nje paligusa chaki, tss, tss, tss, na Fundi akalegeza huku na kukaza kule. Sauti zile zilikuwa zinapungua lakini haziishi. Fundi alianza kukasirika, jasho likimdondoka puani.

Mama alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alisogeza kigoda chake, akanyoosha mkono na kuanza kuzipiga spoku kwa ukucha, moja moja, kama mtu anayejaribu nyuzi za gitaa. Ting. Ting. Ting. Tung.

"Hii imeshuka," akasema.

Fundi akamtazama, akaikaza.

Ting. Ting. Tiing.

"Hii imepanda sana, inawakimbia wenzake."

Akailegeza. Wakaendelea hivyo, mama anasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, Fundi na spana yake ndogo, mimi na chaki yangu, na baba ameacha randa akaegemea nguzo ya karakana kusikiliza. Mwishowe mama alipitisha ukucha kwenye spoku zote kwa mkupuo, zikaimba kwa sauti moja. Fundi akalizungusha gurudumu kwa nguvu. Nikaleta chaki karibu, nikaisogeza zaidi, nikaisogeza hadi nikaogopa. Hakikusikika kitu. Lilizunguka kimya, sawasawa, mpaka likasimama lenyewe.

Hogo lilikatwa hospitalini mvua kubwa zikiwa zimeshapita. Mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba na umepauka, mama mwenyewe aliutazama kama mgeni. Akaanza kuuzoesha, kwanza uani, kisha hadi kanisani, kisha akiendesha baiskeli tupu kwenye uwanja wa shule jioni, baba akikimbia nyuma yake amenyoosha mikono bila kumgusa. Majirani walitazama na kunyamaza. Wengine walikuwa tayari wamemzoea yule kijana wa pikipiki.

Asubuhi aliyorudi kazini haikuwa ya shule, akanichukua. Nilikaa kwenye bomba la fremu, mbele, kati ya mikono yake, na nyuma yetu baba alifunga madumu kwa mipira, akaikagua mipira ile, akaikagua tena. Si majirani wote waliotupatia maziwa siku ile. Waliotupatia walitosha kufanya baiskeli iwe nzito. Tulipofika mahali pa ajali nilisikia kifua chake kikikaza mgongoni kwangu. Nikafumba macho. Breki zikalia, gurudumu la nyuma likanguruma chini yetu, sauti moja nene isiyotetemeka, na nilipofumbua macho mawe ya mtaroni yalikuwa nyuma yetu na Njiro inatanuka mbele na mapaa yake mekundu.

Kwenye geti la kwanza alitoka mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye mvi, sufuria mkononi, ambaye alikuwa ametega sikio kumsubiri mtu wa pikipiki. Alipotuona sufuria ilimponyoka, ikabingirika hadi barabarani. "Mama Aika! Wewe! Nimeambiwa hutarudi!" Akamkumbatia mama na baiskeli na mimi, wote kwa pamoja. Akatoka jirani yake, na jirani wa jirani yake. Mama aliwapimia maziwa huku wanamuuliza yote kwa mara moja, naye anajibu, "Mguu upo, yote miwili ipo," na ni mimi na yeye tu tuliojua kwa nini tunacheka.

Kurudi ndiko ninakokukumbuka zaidi. Darajani watu wote hushuka wakasukuma. Hata mama, kabla ya ajali, sehemu ile ya juu alikuwa anashuka. Alinishusha mimi. "Kimbia," akaniambia, "utanikuta." Akasimama juu ya pedali. Mguu mwembamba ulishuka, mguu mzima ukashuka, mguu mwembamba ukashuka tena, madumu matupu yakigongana kama ngoma. Nilikimbia kando yake nikipiga kelele zisizo na maneno. Kijiweni wale vijana walianza mluzi wao, kisha mmoja akaona hashuki, akasimama juu ya pikipiki yake, akaanza kupiga honi, na wote wakapiga honi, si kwa kejeli tena, na wanawake waliokuwa wanapalilia mahindi wakainua majembe na kupiga vigelegele. Mama alipita kileleni hajakanyaga chini hata mara moja.

Baba alisikia honi akafungua lango letu wazi, pande zote mbili, akasimama pembeni kama mlinzi wa ikulu. Mama akaja moja kwa moja, kitenge kinapepea, uso unang'aa jasho, akapiga kengele mbele ya lango. Akapita. Hakuingia. Alipita mbele ya baba, mbele ya nyumba, akaendelea kupanda kuelekea mlimani, madumu yanalia nyuma yake.

Nikafika nahema. "Baba, mbona anaenda? Nimwite?"

Baba alikuwa bado ameshika lango, anacheka na machozi yamemjaa.

"Muache," akasema. "Atarudi akichoka."

Hakuchoka upesi.